Saa ya Mkaja

Kabla haijapiga, ilikoroma. Ulikuwa mkoromo mfupi, kama wa koo lenye makohozi, na ulitoka nyuma ya kabati la vyombo katika duka la vitu vya kale mjini Maputo, ukanifikia kabla sijaiona saa yenyewe. Abdala, mchumba wangu, alikuwa ameinamia meza akinionyesha saa za mezani, za mfukoni, za ukutani, kwa furaha ya mtu aliyekwisha kuamua na anayetaka tu kuulizwa maoni. Nilishika ukingo wa kabati. Saa ikapiga mara tatu. Nilihesabu, kwa sababu siwezi kusikia saa ikipiga nisihesabu.

"Mbona umelishikilia kabati?" Abdala aliuliza.

"Ni njaa."

"Umekula sasa hivi. Nimelipia mimi."

Lazima nieleze tulikuwa tukitafuta nini. Kwetu Quionga, kaskazini kabisa ya Msumbiji, anayeoa humpelekea baba wa bibi harusi kilemba, na mama yake mkaja. Mkaja wenyewe ni kile kitambaa ambacho mzazi hujifunga tumboni baada ya kujifungua. Zawadi inayoitwa kwa jina hilo ni shukrani kwa tumbo lililomzaa mke. Inaweza kuwa doti za kanga, inaweza kuwa kitanda, inaweza kuwa chochote ambacho mama mwenyewe amekitamani. Abdala ni mtu wa Pemba, ile ya Msumbiji, na mila hizi anazijua. Alikuwa amesikia kwamba mama yangu anapenda saa za zamani, akaona mambo yamekwisha. Ambacho hakukijua, kwa sababu sikumwambia, ni kwamba juma lililopita Mama alinipigia simu na kusema akicheka: "Mwambie huyo wako alete chochote, ila saa asilete. Saa za wakwe zimenitosha."

Sikumwambia Abdala maneno hayo kwa kuwa ningelazimika kumwambia na sababu yake. Sababu yake ni mimi.

Ninasomea shahada ya uzamili, na tasnifu yangu inahusu vipimo. Msimamizi wangu huandika pembezoni mwa kurasa zangu, kwa wino mwekundu, kwamba nazunguka mno kabla ya kufika. Ni kweli. Safari hii nitajitahidi kwenda moja kwa moja, ingawa mambo yenyewe yanaanzia kando ya mto Ruvuma, nikiwa na miaka tisa, katika majuma matatu yaliyokuwa ya furaha kuliko yote niliyopata kuyaishi.

Dada yangu Zuhura alikuwa ameposwa na Bakari, kijana wa ukoo wa wafanyabiashara ambao babu zao walitoka Mtwara, na ambao hadi leo huvuka mpaka na bidhaa zao kama watu wengine wanavyovuka barabara. Bakari alikuwa mrefu, mpole, mwenye tabia ya kucheka kabla ya kumaliza kusema. Nilimpenda tangu siku ya kwanza aliponiita "shemeji" kwa heshima zote, kama mtu mzima, na kuniuliza kama nilikuwa na neno lolote la kupinga posa yake. Nilifikiri siku mbili nikamjibu kwamba sina.

Shangazi yake, Bi Somoe, alitumwa kwa Mama kuuliza mkaja gani ungempendeza. Mama alikuwa akichambua mchele. Akajibu kwa utani, bila kuinua macho: "Mwambie nataka saa ya marehemu mama yangu."

Saa hiyo sikuwahi kuiona. Ilikuwa saa ya ukutani katika nyumba aliyozaliwa Mama, na wajomba zake waliiuza yeye akiwa msichana, bila kumuuliza mtu. Lakini sauti yake niliijua. Tangu nikiwa mdogo, Mama alikuwa akiniigizia saa hiyo nilipokataa kulala: kwanza mkoromo, *khrrr*, kama muadhini anayesafisha koo, kisha mapigo mazito, yenye nafasi kati yake, kama kwamba saa ilikuwa ikifikiri kabla ya kila pigo. Siku ile Mama alimweleza Bi Somoe habari za mkoromo, kisha akaendelea na jambo la pili kuhusu saa hiyo. Hilo la pili sikulisikia, kwa sababu nilikuwa nimetumwa chumvi. Nitalieleza mahali pake. Nimeshajiuliza mara nyingi mno maisha yangu yangekuwaje kama chumvi ingekuwamo jikoni.

Bakari hakuuchukua utani kama utani. Jioni ya pili alikuja uani kwetu na shangazi yake.

"Ng'ambo, Mikindani, kuna mjane wa fundi saa," alisema. "Ana chumba kizima cha saa za kale. Lakini nitaijuaje iliyo kama ya bibi? Nani anaujua huo mkoromo?"

Nilinyanyua mkono kama darasani. "Mimi."

"Utaujua ukiusikia?"

"Hata nikiwa nimelala."

"Basi usilale," alisema Bi Somoe. "Maana ukichagua vibaya, mama yako atakataa mkaja, na dada yako tutamwoza askari wa forodha, yule mwenye kitambi."

Watu wote walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu niliamini. Nilimjua askari yule, na nilikijua kitambi chake. Kuanzia jioni ile nilijua kwamba ndoa ya Zuhura iko masikioni mwangu, na nitasema kweli, haikunitisha kama ilivyonifurahisha. Sikuwahi kupewa jambo kubwa kiasi hicho.

Tulikwenda watatu: Bakari, Bi Somoe na mimi. Tulifika mtoni umande haujakauka. Boti ya mashine ilikuwa inasubiri. Bi Somoe alisoma dua kwa sauti, kisha akamwambia mwenye boti kwamba akituzamisha atamdai kanga yake mpya hadi ahera. Katikati ya mto nilionyeshwa masikio ya kiboko, nikayahesabu: mawili, kisha manne, kisha mawili tena. Nilikuwa na gauni la Idi, na mfukoni nilikuwa na andazi ambalo kwa furaha sikulila. Kila chombo kilichotoa sauti nilikifanyia mtihani. Mashine ya boti: hapana. Koo la Bi Somoe: karibu, lakini hapana.

Nyumba ya mjane, Bi Tima, ilikuwa ya mawe, na kabla mlango haujafunguliwa tayari nilisikia kitu kilichonifanya nisimame kwenye ngazi. Saa zipatazo kumi zilikuwa zinatembea pamoja, kila moja kwa mwendo wake, kama watoto wengi wanaotafuna miwa. Ndani palinukia mafuta ya cherehani, vumbi na karafuu. Saa zilijaa kuta zote. Nyingine zenye vioo vilivyochorwa maua, nyingine nyembamba kama majeneza ya watoto, nyingine zimekosa mshale mmoja lakini bado zinajitahidi.

Bi Tima alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakutukaribisha kuketi.

"Mnanunua kwa ajili ya nani? Wenye mahoteli siwauzii. Wanakuja hapa, wanataka saa ya kupamba, hata ufunguo hawaitii. Marehemu aliniusia: uza, lakini uza kwa watu wanaopelekea mama zao."

"Ni mkaja," alisema Bakari.

"Aa." Akavua miwani, akaipangusa. "Mkaja. Basi keti. Nani mnunuzi?"

"Mimi."

"Na nani anayechagua?"

Bakari akanionyesha kwa kidole. Bi Tima alinitazama kuanzia viatu.

"Mama yako ana hasira?"

Nilifikiri vizuri, kwa kuwa niliona ni swali la kitaalamu. "Asubuhi."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka anywe chai."

"Usingizi wake?"

"Mwepesi. Mbuzi akikohoa anaamka."

"Basi hatumpi inayopiga kila nusu, itamtia wazimu. Hizi tatu ondoa. Anapenda kung'arisha vitu?"

"Anapenda niving'arishe mimi."

Bi Tima alicheka kwa mara ya kwanza, akaziondoa mbili zenye shaba nyingi. Nimeishi na maswali yake tangu siku hiyo. Mpaka leo, nikiona saa ya kale popote, nafsi yangu huuliza: hii ni ya mama wa namna gani? Ipo ya mama mwenye haraka, ipo ya mama mjane asiyetaka kusikia kimya, ipo ya mama ambaye wanawe wako mbali na hujibizana na kuta. Bi Tima alinifundisha kwamba mtu hachagui saa kwa uzuri wake. Humpima mama kwanza, kisha hutafuta saa inayomvumilia.

Zikabaki tano. Nilitakiwa kufumba macho, na Bi Tima akaenda akizigusa moja moja akrabu zake, yaani mishale, ili zipige.

Ya kwanza ilikuwa mwiko juu ya sufuria. Nilitikisa kichwa. Ya pili ilikuwa kengele ya kanisa kabisa, Bi Somoe alisema, "Hiyo ya padri, irudishe ukutani." Ya tatu ilipiga mbio kama inakimbizwa. Ya nne ilikuwa na sauti nzuri hata moyo wangu ukayumba, nikakaribia kusema ndiyo, lakini ilianza kupiga bila kuaga, na nikamkumbuka askari wa forodha.

Ya tano ikasema *khrrr*.

Kisha pigo, na nafasi. Pigo, na nafasi. Nilijikuta nimelala kitandani kwetu, miguu ya Zuhura ikiwa ya baridi juu ya yangu, na mdomo wa Mama karibu na sikio langu.

"Hii," nilisema.

"Una hakika?" Bakari aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa.

"Rudia tena, Bibi."

Ikarudiwa. "Hii. Ndilo koo lake."

Bakari alipiga makofi, akanibeba, akanizungusha hata mguu wangu ukataka kuangusha saa ya padri. Wakati yeye na Bi Tima wanakamilisha mambo yao, nilipewa kashata, nikaketi kizingitini, na kwa sababu ya kashata hiyo nikakosa tena jambo la pili. Sasa ndipo mahali pake.

Saa ya bibi yangu ilikwenda kwa jua. Jua likizama, mishale yake miwili ilisimama juu, kumi na mbili kamili, kama wazee wa pwani walivyokuwa wakiziweka saa zao. Sisi tuliokua na saa za mikononi na za simu tumezoea kutazama mshale kwenye tatu tukasema ni saa tisa, na wala hatujioni waongo. Saa za wazee hazikuhitaji tafsiri hiyo: ilipokuwa saa tisa alasiri, mshale ulikuwa kwenye tisa. Mama alimwambia Bi Somoe, Bi Somoe alimwambia Bakari, na Bakari, kijana mwangalifu, alimwomba Bi Tima aiweke saa hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nalamba vidole.

Kurudi ilikuwa sherehe. Saa ilivikwa blanketi, ikapakatwa na Bi Somoe kama mtoto mchanga. Mpakani, yule yule mwenye kitambi alianza kuupapasa mzigo. "O que é isso?" aliuliza kwa Kireno, hiki ni nini, na kabla hajajibiwa, blanketi likakoroma chini ya viganja vyake na kupiga moja. Aliruka hatua mbili.

"Usiogope, baba," Bi Somoe alimwambia. "Ni mkwe wetu, ana kifua."

Hata wenzake walicheka hadi wakatupitisha.

Saa ilitundikwa kwa muda chumbani kwa Bi Somoe, mwisho wa kijiji, ambako Mama asingeisikia. Bakari alitaka aijaribu siku tatu ajue kama inatunza wakati. Kila nilipotoka shule nilikwenda kuitazama. Niliruhusiwa kutazama, si kugusa. Mwezi huo huo mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kusoma saa kwa duara la boksi lenye mishale ya kadibodi, na mimi nilikuwa wa kwanza darasani. Ndiyo maana nilikabidhiwa pia heshima ya kwenda nyumbani na kitambaa cha kufutia ubao, nikakifue.

Siku ya kwanza niliona saa ya mkaja inaonyesha tisa wakati saa ya mkononi ya mwalimu ilikuwa imeonyesha tatu. Siku ya pili, vivyo hivyo. Mtoto mwingine angeuliza. Mimi nilichora jedwali nyuma ya daftari, nikapata tofauti ya saa sita kamili, kila mara, nikafikia hitimisho kwamba Bi Tima alikuwa ametupunja saa mbovu. Nikafikiri zaidi. Nikisema, Bakari atairudisha. Akiirudisha, hakuna mkaja. Hakuna mkaja, Zuhura anakwenda kwa mwenye kitambi. Mantiki ilikuwa nzima. Ni msingi wake tu uliokuwa na kasoro, na tangu hapo nimeziona hoja nyingi za namna hiyo, baadhi katika sura ya tatu ya tasnifu yangu.

Siku ya tatu, alasiri, kesho yake ikiwa ndiyo siku ya kupeleka mkaja, niliamua kuirekebisha. Bi Somoe alikuwa amelala nyuma ya pazia, naye akikoroma, hata chumba kile kikawa na makoo mawili. Nilipanda juu ya sanduku lake, nikafungua kioo, nikaanza kuuzungusha mshale mrefu mbele, polepole, ili mfupi utoke tisa ufike tatu. Mrefu ulipofika juu mara ya kwanza, mfupi ukiwa kwenye kumi, saa ilikoroma.

Sikuwa nimewahi kuwa karibu nayo kiasi kile. Pigo la kwanza lilinipiga kifuani. La pili. Pazia likatikisika. La tatu. Mkono wangu ukaingia ndani ya sanduku la saa kutoka chini, nyuma ya uso wake, ukitafuta kilichokuwa kinapiga. La nne. Nikakipata kinyundo, kidogo, cha moto kidogo kama kidole cha mtu, na kwa mkono wa pili nikashindilia pale kitu pekee nilichokuwa nacho: kitambaa cha ubao.

Kimya. Kitu ndani kikanguruma kidogo, kikasimama.

"Nani?" Bi Somoe aliuliza.

"Mimi, Bibi."

"Unafanya nini?"

"Natazama saa."

"Itazame kwa macho, si kwa vidole." Na akarudi usingizini.

Nilizungusha mshale mizunguko iliyobaki, na hakuna kilicholia. Kisha nikajaribu kukitoa kitambaa. Nilipokivuta kidogo tu, nilihisi kinyundo kikinisukuma, kama kitu hai kilichokatizwa maneno na kinachotaka kumalizia. Nikaogopa, nikakirudisha ndani zaidi. Nilisema nitakitoa baadaye. Nje nilisikia sauti za wanaume. Bakari na ndugu zake walikuwa wamekuja kuichukua saa. Kwa mwalimu nilisema kitambaa kimeliwa na mbuzi.

Kwetu mama anayepokea mkaja hutamka maneno mawili: nimepokea, nimeridhika. Asubuhi ile chumba kilijaa wanawake, udi na jasho. Saa ilitundikwa, na Bi Somoe, ambaye alikuwa amewaeleza wote jinsi itakavyokohoa, aliinua kidole tungoje itimie saa nne. Mama alikuwa ameketi mkekani, amevaa kanga mpya, na uso wake ulikuwa wa msichana. Mimi nilimtazama yeye tu. Mshale ukafika juu. Watu wakaacha kupepea. Saa ikaendelea kutembea, tik, tik, ikapita juu, ikashuka upande wa pili, bila neno.

Mama aliutazama mshale mfupi. Ulikuwa kwenye kumi.

"Mbona ni saa ya ofisini?" aliuliza taratibu.

"Ya serikali hiyo," alidakia jirani mmoja. "Haisemi mpaka upeleke hati."

Kicheko kilipita chumbani mara mbili. Mlangoni, kupitia upenyo wa pazia, niliona kanzu ya Bakari. Haikusogea.

"Nimepokea," Mama alisema. Bi Somoe aliendelea kusubiri neno la pili, mdomo wazi. Mama alivuta kanga yake, akamwagiza mtu chai.

Ndoa ilifungwa, bila shaka. Zuhura na Bakari wana watoto wanne. Jioni ile ile Mama aliirudisha mishale kwenye saa za wazee kwa mkono wake, lakini sauti hakuweza kuirudisha. Saa ina matundu mawili ya ufunguo; la kulia hujaza mwendo, la kushoto hujaza mapigo. La kushoto lilikataa kuzunguka: lilikuwa limejaa tayari, siku zote, kama tumbo lililoshiba. Bakari aliomba mara kadhaa airudishe Mikindani ikatazamwe. Mama alimjibu kwamba mkaja haurudi ulikotoka, wala haufumuliwi na aliyeuleta. Kila Idi alikuwa na neno lake: "Mkwe wangu ananipenda, ila saa yake haina ulimi." Bakari alicheka kila mara, na kila mara, kabla ya kucheka, alinitazama mimi, mchaguzi mwenzake, kana kwamba sisi wawili tulidanganywa pamoja.

Vita vilipowalazimu wa nyumbani kukimbia Quionga, mimi nilikuwa tayari Maputo, chuoni. Zuhura alinipigia kutoka njiani: "Mama ameacha masufuria yote, amebeba saa bubu mgongoni." Nikamsikia Mama nyuma yake akisema, "Sufuria nitanunua." Iliondoka mgongoni mwake na, walipoweza kurejea, ikarudi mgongoni mwake.

Haya yote nilimweleza Abdala tukiwa tumeketi kwenye ngazi za duka lile, kwa mpangilio, pamoja na jedwali. Nilimaliza kwa kusema kwamba nilikuwa nimemvunjia heshima mtu mwema kwa zaidi ya nusu ya umri wangu. Abdala alifikiri.

"Kwa hiyo kitambaa bado kimo?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nimekifikiria kama dhambi. Nilikuwa nimepima ukubwa wake, nimeandika barua mbili za kukiri na kuzichana. Sikuwahi hata siku moja kukifikiria kama kitambaa, kilichoko mahali fulani, ambacho mtu anaweza kukitoa kwa vidole viwili. Nilianza kucheka, na moyo ulikuwa unanienda mbio kama siku ile ya boti. Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha. Nilibonyeza namba ya Mama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mbona mchana? Unaumwa?"

"Siumwi. Nani yuko hapo?"

"Mimi na mkwe wangu, anapigilia bati la jikoni. Ni habari za mkaja? Nimeshasema, saa sitaki."

"Ni habari za mkaja wa Bakari," nilisema, na nikasema yote kwa pumzi moja, bila utangulizi, jinsi msimamizi wangu asivyowahi kuniona nikifanya.

Upande wa pili nyundo ya Bakari iliendelea kugonga bati.

"Kitambaa gani?" Mama aliuliza.

"Cha ubao. Cha shule."

"Alichokula mbuzi?"

"Hicho."

"Na mbuzi yule nilimchapa!" Kisha, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Zuhura alipozaa mtoto wa kwanza: "Bakari! Wee Bakari! Acha hilo bati, njoo!"

Nilisikia nyundo ikitupwa, nyayo, kiti kikiburutwa. Nilisikia Mama akimweleza kwa nusu sentensi, na Bakari akiuliza, "Shemeji? Shemeji yangu yule?" na kucheka kabla hajamaliza kuuliza.

"Tia mkono kwa chini," nilipiga kelele, na wapita njia wa Maputo wakageuka. "Nyuma ya uso wake!"

"Hauingii."

"Wa kwangu uliingia!"

"Wa kwako ulikuwa wa mtoto! Ngoja. Ngoja, kuna kitu laini. Subhanallah, chaki inanimwagikia machoni."

"Vuta, mwanangu," Mama alisema.

Kwanza ulikuja mkoromo. Kutoka mwisho wa nchi hadi mwisho wake mwingine ulikuja, *khrrr*, na Abdala, ambaye nilikuwa nimemsogezea simu, akanishika mkono. Kisha pigo, na nafasi. Mama alikuwa anahesabu kwa sauti, kama alivyokuwa akinihesabia kitandani. Tatu. Nne. Tano. Sita. Kisha ikanyamaza.

"Sita?" alisema Mama. "Mbona sita, na mshale uko kwenye kumi?"

"Ongeza nne, Mama," nilisema. "Nne za mwanzo nilizisikia mimi."

Aliisogeza simu mbali na mdomo, nikajua kwamba alikuwa ameinua uso kumtazama mtu aliyesimama juu ya kiti.

"Bakari," alisema, "shuka taratibu, baba, kiti hicho kibovu. Nimeridhika."